Mhojiwa wa Kumi na Moja

Bi Mwanatumu alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi, aliposema kwa sauti ya upole, bila kuinua uso, "Una haki ya kukataa swali lolote bila kutoa sababu."

Binti yake Bushra alikuwa barazani, anasahihisha insha za kidato cha tatu. Kalamu ilisimama.

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema nini?" Bi Mwanatumu aliendelea kukuna. "Niletee kifumbu, mwanangu. Nazi inatosha."

Sentensi yenyewe haikuwa na ubaya. Ubaya wake ni kwamba haikuwa ya mama yake. Bi Mwanatumu alizaliwa Jego, akaolewa Msambweni, wala hakupata kukaa darasani hata siku moja. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha dua. Maneno yale Bushra aliyajua moja moja kwa sababu aliyaandika mwenyewe miaka minne nyuma, katika fomu ya ridhaa aliyomsomea kila mtu aliyemhoji kwa ajili ya tasnifu yake, kabla ya kuwasha kinasa sauti.

Akajiambia kwamba mama alimsikia akiisoma. Nyumba ni ya vyumba viwili, kuta hazifiki juu. Akampelekea kifumbu, na alipoinama kumpa akasikia harufu ya ubani uliomwagiwa maji ungali unawaka, nzito, yenye uchachu kidogo. Siku ile hapakuwa na aliyefukiza kitu nyumbani mwao.

Huo ulikuwa mwaka wake wa saba akisomea uzamivu katika chuo kikuu cha umma. Msimamizi wa kwanza alistaafu akiwa na sura mbili mezani pake. Wa pili alipata kazi ng'ambo, asijibu tena barua pepe. Wa tatu, Profesa Chirau, alimwambia aanze upya, naye akaanza upya. Kila shule zilipofungwa alisafiri kutwa nzima hadi kampasi kuu, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Profesa pamoja na wenzake, watu wazima wenye mvi na wajukuu, kila mmoja amekumbatia bahasha yake mfano wa wagonjwa waliobeba picha za eksirei. Mlango ukifunguliwa ulikuwa wa dakika tano. Sura ya nne ilikaa kwa Profesa miezi kumi na minne, ikarudi na neno moja pembeni mwa ukurasa wa kwanza: *Naona.* Kurasa nyingine zilirudi kama zilivyokwenda.

Sasa bodi ya shahada za juu ilikuwa imemwandikia. Awasilishe tasnifu kabla ya Agosti kwisha, la sivyo jina lake lifutwe. Zilibaki wiki tatu.

Jumanne, adhana ya adhuhuri ilipokwisha, Bushra alisikia watu wawili wakizungumza chumbani kwa mama yake. Akadhani ni mgeni. Alipofunua pazia alimkuta mama peke yake juu ya msala, amekaa ameelekea ukuta, mikono magotini.

"Swali la kwanza," alisema mama, na sauti ilikuwa ya Bushra mwenyewe. "Uliingia kwa kiti huyu lini?"

Kisha kifua cha bibi yule kikajaa, akajibu kwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, yenye mkwaruzo. "Niliingia mwaka wa njaa ya mihogo. Alikuwa msichana, anachota maji. Alinipendeza kwa sababu hakukimbia."

Bushra aliachia pazia. Alikwenda kwenye kompyuta yake, akafungua mahojiano ya kumi na moja, akasimama nayo mlangoni, akafuatisha kwa kidole. Hapakuwa na neno lililozidi wala lililopungua. Penye mabano aliyoandika *kikohozi*, kwa kuwa siku ile moshi ulimpalia, mama yake alikohoa, na kikohozi kilikuwa cha Bushra.

Mahojiano yale yalifanyika Kinondo, nyumbani kwa Bi Dama, fundi wa ngoma za pepo. Bushra alikuwa akitafiti lugha ya nyimbo zao, na Bi Dama alimwambia kwamba yeye hajui maana ya nyimbo, anayejua ni mwenyewe, jini lililomfanya kiti chake, na mwenyewe akimpanda kichwani ndiye wa kuulizwa. Basi alipopanda, Bushra aliona haya kidogo, lakini kamati ya maadili ya chuo ilikuwa imesisitiza kwamba kila mhojiwa asomewe fomu, na kwamba majina yasiandikwe, ila namba. Akaisoma fomu yote mbele ya jini, likamsikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi hiyo," liliuliza, "inasema naweza kujitoa wakati wowote?"

"Ndiyo."

"Nikijitoa, maneno yangu yatafanywaje?"

"Yatafutwa yote."

"Na hayatapewa mwingine?"

"Hayatapewa mwingine," alisema Bushra, kwa kuwa ndivyo fomu ilivyosema. Kidole gumba cha Bi Dama kikachovywa winoni, kikabandikwa chini.

Nyimbo zile na maelezo yake ndiyo yaliyokuja kuwa sura ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita. Mwaka uliofuata Profesa Chirau aliagiza apelekewe rekodi zote pamoja na maandishi yake, apate kuthibitisha, alisema, kwamba kazi si ya kubuni. Bushra alizitia katika flashi akamkabidhi mkononi. Hakujiuliza. Alikuwa anataka sahihi yake tu.

Tangu Jumanne ile, kila adhuhuri, jua likiwa la utosi na watu wamejifungia ndani, mama yake alikaa juu ya msala akaendelea pale alipoishia jana. Baadaye hakukumbuka lolote. Alilalamika koo linamwasha na mwili mchovu, akasukuma sahani ya wali akisema hana hamu, kisha Bushra akamkuta nyuma ya mlango ameinua mrashi mdomoni, anakunywa marashi kama maji. Akakonda hadi bangili zikawa zinamtoka zenyewe. Siku ya tano Bushra alipiga magoti kando yake akasoma Ayatul Kursi. Sauti ile ya kiume ilinyamaza kwa adabu mpaka akamaliza, ikasema, "Sadaqallahu," ikaenda kwenye swali la kumi na nne.

Jumatatu iliyofuata Purity alipiga simu. Alikuwa mwenzake wa idara moja, mtu wa bara, naye alikwisha kuacha masomo mwaka uliopita akaenda kufanya kazi ya bima.

"Bushra, umeona kitabu cha Prof?"

"Kitabu gani?"

"Kimetoka juzi. Nimekutumia picha za kurasa. Aki keti chini kwanza."

Bushra aliketi. Yalikuwa mahojiano yake, yote, na nyimbo zake, na tafsiri aliyoihangaikia miezi. Hata kosa lake la chapa, neno *kiti* lililoandikwa *kitu* katika swali la tisa, lilikuwa limo vilevile. Alitafuta jina lake ukurasa kwa ukurasa. Katika shukrani palikuwa na mstari mmoja: *na wasaidizi wangu wa uwandani.*

"Utafanya nini?" aliuliza Purity. "Ukilalamika, nani atakusimamia? Ukiwasilisha, watasema umemwibia yeye. Huyu msee amekufungia kote kote."

"Nipe muda, Purity. Mama yangu ni mgonjwa."

Kesho yake mahojiano yalifika swali la ishirini na mbili, ambalo ndilo la mwisho. Bushra alikuwa ameketi sakafuni, kompyuta mapajani, anahesabu mistari iliyobaki. Sauti ya kiume ilimaliza jibu lake. Sauti ya Bushra ikasema, kinywani mwa mama yake, "Tunashukuru kwa muda wako." Ukurasa ulikuwa mweupe chini ya mstari ule, na Bushra akahisi pumzi inamrudi, akafikiri labda limekwisha, labda ndiyo haja yake, kusemwa tena na kumalizwa, na huku akifikiri hivyo harufu ya ubani uliozimwa ikawa inapanda kutoka kwenye msala, ikiingia puani na kooni mpaka macho yakamtoka machozi, na shingo ya mama yake, ambayo kwa siku nane ilikuwa imeelekea ukuta bila kutikisika, ikaanza kugeuka polepole, kidogo kidogo, kama mtu anayesikia kwamba nyuma yake pana mtu, ikageuka mpaka macho yale ya kizee, makavu, yasiyopepesa, yakatua juu yake, na sauti yake mwenyewe ikamwambia kwa upole uleule alioutumia Kinondo:

"Swali la ishirini na tatu. Ulimpa nani?"

Bushra hakupata kuliandika swali lile popote.

"Profesa," alinong'ona.

"Tafadhali fafanua."

Alikimbia, miguu mitupu, mpaka kwa jirani. Alimwomba jirani akae na mama yake, akaenda Kinondo alasiri ileile. Nyumba ya Bi Dama ilikuwa imefungwa. Aliambiwa alifariki tangu mwezi wa Rajabu, na kwamba bintiye, Warda, anafanya kazi ya kufua katika hoteli moja Diani.

Warda alimsikiliza akiwa amesimama kwenye lango la nyuma la hoteli, mikono imebabuka kwa sabuni.

"Mama alipokufa, huyo alinijia mimi," alisema kwa sauti ya chini, akitazama asisikiwe. "Nikamkataa. Nina zamu, nina watoto, sina nafasi ya kukaliwa. Nikamwambia aende anakokutaka. Sikujua ana ahadi na mtu."

"Nisaidie, dadangu. Mama atakufa."

"Kazi hii niliiona tu kwa mama, sikuisomea." Warda aliipangusa mikono yake kwenye sare. "Lakini nitakuja kesho. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango."

Alikuja kabla ya adhuhuri, bado na sare ya kazini, na mfuko wenye chetezo cha marehemu mama yake na kitambaa cheupe. Alimketisha Bi Mwanatumu, akamtanda kitambaa kichwani, akafukiza. Hakupiga ngoma. Aliongea tu, kama mtu anayeongea na mjomba wake aliyekasirika.

"Shikamoo, bwana. Ni mimi, Warda. Sema unalotaka, mwache bibi wa watu."

"Marahaba," ilijibu sauti ya kiume. "Nataka lililo haki yangu. Najitoa."

Bushra alielewa kabla ya Warda. Akajikuta amelishika pindo la kitambaa kile.

"Nipe hadi mwisho wa mwezi," alisema. "Siku tisa tu. Niwasilishe hata kama watakataa, niwe nimewasilisha. Kisha nitafuta kila kitu, wallahi."

"Uliniambia wakati wowote. Wakati wowote ni sasa."

"Ni miaka saba yangu."

"Mama yako ni mzee," lilisema jini bila hasira. "Mimi si mzito. Naweza kukaa."

Mkono wa Bi Mwanatumu ulianguka kutoka gotini, ukalala sakafuni umefunguka, mwembamba, bangili imefika kwenye vidole. Bushra aliutazama. Kisha akainuka.

Alifuta kwenye kompyuta, akafuta kwenye barua pepe, akafuta kwenye flashi mbili zilizokuwa ndani ya kopo la biskuti. Kinasa sauti alikiponda kwa mchi. Rasimu zilizochapwa, madaftari ya uwandani, fomu yenye alama ya dole gumba, vyote alivirundika uani akavitia moto, na Warda akamsaidia kugeuza kurasa kwa kijiti ili zisibaki nusu. Tasnifu ilibaki na utangulizi, mapitio ya maandishi, na orodha ya marejeleo.

Aliporudi ndani, majivu kwenye nyusi, alikuwa na swali moja.

"Na Profesa? Maneno yako yote yako kwake. Ameyauza kwa jina lake. Kwake utakwenda?"

Sauti ilipojibu ilikuwa imeanza kuwa ya mbali.

"Yule hakuniuliza kitu. Hakunisomea karatasi, sikumwekea kidole. Hakuna ahadi kati yangu na yeye, basi sina njia ya kumfikia. Njia nilikuwa nayo ya kwako wewe."

Warda alikaza macho kwenye chetezo. Bi Mwanatumu akapiga chafya tatu, akajinyoosha ubavu juu ya msala, akalala usingizi wa kukoroma. Harufu ilikwisha kama iliyofungiwa dirisha. Alasiri aliamka akaomba chai na mkate wa mofa, akala miwili, akauliza kwa nini uani kuna majivu mengi hivyo.

Septemba barua ya bodi ilikuja, mistari minne, jina lake limefutwa. Wiki hiyohiyo Purity alimtumia tangazo kutoka chuoni. Profesa Chirau atatunukiwa kwa mchango wake katika kuhifadhi turathi za Pwani, na wanafunzi wote wa shahada za juu wanaombwa kuhudhuria. Bushra alilisoma mara moja akalifunga.

Siku moja mama yake, aliyekwisha kunona, alimkuta amekaa barazani mikono mitupu.

"Mwanangu, mbona siku hizi sikuoni ukiandika?"

Bushra alimtazama. Bangili zilikuwa zimekaa mahali pake.

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza? Masomo yote?"

"Yote."

Bi Mwanatumu alisimama, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kilichovuka ua. Kabla Bushra hajafungua kinywa, alikuwa amekwisha kutoka, anaita nyumba kwa nyumba, na wanawake wakaanza kuingia na leso zao na sinia zao, wakimwita daktari, wakimbusu mashavuni, wakimshukuru Mungu kwa subira aliyompa. Mmoja alileta binti yake amshike mkono, apate kufuata nyayo.

Bushra aliipokea mikono yote, mmoja baada ya mwingine, akasema ahsante. Kisha akaingia jikoni kuchagua mchele wa wageni.