Kanda ya Mzee Nabhan

Mvua ndiyo iliyomsukuma Shatha ndani ya kibanda cha Muntasir, fundi redio wa pale sokoni Wete. Baibui lake lilikuwa na tarizi ya zambarau mikononi, na alinukia udi. Fundi, macho kwake, akachomelea waya pasipo pake.

"Kanda za zamani unatengeneza?"

"Kila kitu natengeneza. Moyo wangu tu, tangu uingie, umenishinda."

Shatha akacheka bila kutaka. Kesho yake akaja na kanda. Marehemu baba yake, Mzee Nabhan, alisoma Ujerumani, akarudi na sahani za opera, ile michezo inayoimbwa mwanzo mpaka mwisho. Wimbo mmoja aliurekodi sebuleni, redio kaseti mbele ya santuri. Sahani zilishavunjika. Kila Ijumaa ilipigwa kanda: bibi wa Kizungu mwenye sauti nyembamba akiimba mbio mbio, kwa furaha tele. Mwishoni sauti ya kitoto inamwita Shatha. Kaka yake Jawad alijigamba kuwa ni yeye.

"Nitilie kwenye simu kabla haijakatika. Sina kitu kingine cha baba."

Wiki mbili simu hazikupoa.

"Umekula, habibty?"

"Kanda yangu iko wapi, weye?"

"Nikikupa hutakuja tena."

Alipompa, Shatha alivaa spika za masikioni, akasikia mwanamume. Anaimba polepole, sauti nzito, kama aliyefiwa. Shatha hakusikiliza hata nusu.

"Hii siyo!"

"Ndiyo hiyo. Baba yako alirekodi betri zikiwa zinakufa, kanda ikajivuta. Ndiyo maana ukiipiga inakimbia na sauti inapanda. Nimeirudisha kwenye mwendo wake."

"Nani kakutuma? Mie nimekulia na bibi anayefurahi, weye waniletea bwana anayelia! Umenibadilishia kanda."

Akanyakua kanda yake, akatoka. Siku nne hakupokea simu. Muntasir hakuchoka kupiga. Ya tano akapokea, kwa hasira tu.

"Hukusikiliza mwisho, Shatha. Dakika moja, kisha ukate. Sitakupigia tena."

Akampigia ile nakala simuni, mwisho wake. Wimbo ukaisha. Kiti kikakwaruza sakafu. Kisha mtu mzima akakohoa, akasema taratibu: "Shatha, njo mwanangu. Njo usikilize."

Hakuwa Jawad. Shatha alikaa chini pale pale jikoni, akaita, "Mama! Mama, njo!" Bi Maryamu akaja na unga mikononi, akasikiliza, akasikiliza tena, akajifunika uso kwa kanga. "Huyo Nabhan," alisema. "Huyo mume wangu." Walilia wote wawili, na kilikuwa kilio kitamu.

Alasiri Shatha alikuwa kibandani, amevaa ushungi wa kijani.

"Nisamehe."

"Nisamehe mie. Nilirekebisha bila kukuuliza."

"Yule bibi yangu umemfuta?"

"Nimfute ili unifute? Zote mbili zimo."

"Basi wa Ijumaa bibi. Baba siku zote."

Muntasir akaweka bisibisi mezani. "Na mie, siku gani?"

Shatha akavuta ushungi kuficha tabasamu, akachelewa.

"Walete wazee wako Ijumaa, baada ya alasiri."

"Bi Maryamu atakubali?"

"Kasema mtu aliyemrudishia mumewe, hawezi kumnyima binti."