Kidonge cha Siku ya Matembezi

Bi Tima alikuwa barazani akichambua mchele. Ndani ya nyumba, mumewe Nasor alikuwa akishona kanzu ya mteja. Ilikuwa Jumamosi tulivu hapa Takaungu.

"Hodi hapa!"

Bi Tima aliinua macho. Mwanamke asiyemjua alikuwa amesimama mbele ya baraza. Viatu vyake vilijaa matope. Alikuwa amemshika mkono Safaa, binti yake Bi Tima. Safaa alitembea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nguo yake ilikuwa imejaa mchanga upande mmoja.

"Ya Rabi! Ameanguka tena?"

"Ameanguka, mama, lakini sasa yuko salama. Shikamoo."

"Marahaba. Baba Safaa! Njoo huku!"

Nasor alitoka haraka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni.

Safaa ana miaka kumi na tisa. Ana kifafa tangu utotoni. Mwaka uliopita alianza dawa za kliniki, na tangu hapo hajaanguka akiwa nyumbani. Lakini alipojiunga na Chama cha Ndege, mambo yaligeuka. Chama hicho ni cha watu wa Takaungu wanaopenda kutazama ndege. Kila mwezi wanafanya matembezi mahali fulani. Mara wanakwenda kwenye mashamba ya Tezo, mara kwenye mikoko. Safaa alikuwa ameanguka mara tatu, na mara zote ilikuwa siku ya matembezi.

"Leo ndiyo mwisho," alisema Nasor. "Ndege, ndege! Kwani hawa kuku wa uani hawakutoshi?"

"Kuku nimeshawamaliza, baba," alisema Safaa kwa sauti ndogo.

"Kule kwenye mikoko kuna wenyewe, mashetani wa pale," alisema Bi Tima. "Hawapendi kuchunguliwa. Nilisema tangu mwanzo."

Mgeni alimkalisha Safaa barazani. "Mimi naitwa Fridah. Ni muuguzi, nafanya kazi Kilifi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kutembea na chama hiki."

"Muuguzi?" aliuliza Nasor. "Basi ulimtia kijiko mdomoni?"

"La, mzee. Kijiko kinaweza kumvunja jino au kumziba pumzi."

"Na ulimi je? Akiumeza?"

"Ulimi haumezeki, mzee. Nilisogeza mawe yaliyokuwa karibu naye. Nikamwekea kitu laini chini ya kichwa. Hatukumshika kwa nguvu. Alipoacha kutikisika, nikamlaza kwa ubavu ili mate yatoke. Rafiki yake Phoebe alikuwa akitazama saa. Hazikufika dakika tatu. Zingepita tano, tungemkimbiza hospitali."

Bi Tima aliacha mchele. Katika nyumba yao, Safaa akianguka, walimfunika shuka majirani wasione. Kisha walisubiri. Hakuna aliyemgusa mpaka povu likauke.

"Naomba maji, mama," alisema Fridah. Palikuwa na mtungi na kikombe cha kijani karibu naye. Alinyoosha mkono.

"Si hicho!" alisema Bi Tima. "Hicho ni cha Safaa peke yake."

"Kwa nini ana chake?"

Bi Tima alitazama chini. "Kwa sababu ya... lile povu."

Fridah alijaza kikombe kile kile, akanywa maji yote, akafuta midomo. "Kifafa hakiambukizi, mama. Hakiambukizi kwa povu, wala kwa kikombe, wala kwa kugusana. Ni ugonjwa wa ubongo. Una dawa, kama vile presha ilivyo na dawa."

Safaa alikuwa akimtazama mama yake.

"Sasa niambie, Safaa," aliendelea Fridah. "Siku ya matembezi unafanya nini usichofanya siku nyingine?"

"Sifanyi kitu."

"Na je, kuna kitu unachofanya kila siku, ila siku hiyo hukifanyi?"

Safaa alikwaruza mchanga kwenye nguo yake. "Kidonge," alisema mwishowe.

"Kidonge gani?" aliuliza Nasor.

"Cha asubuhi, baba. Kinanitia usingizi. Wenzangu wanamwona mdiria akivua samaki, mimi napiga miayo tu. Kwa hiyo siku ya kutembea nakiacha. Na usiku wa kuamkia siku hiyo silali kwa furaha."

Nasor alikaa chini polepole. "Yaani mikoko haina kosa?"

"Mikoko haina kosa, mzee," alisema Fridah. "Ukiacha dawa, hata siku moja, kifafa kinaweza kurudi. Ukikosa usingizi, pia kinaweza kurudi. Safaa ameunganisha yote mawili."

"Na wale wenyewe?" aliuliza Bi Tima.

"Wenyewe siwajui, mama. Kidonge nakijua."

Nasor alicheka bila kutaka. Bi Tima naye akacheka.

Wiki iliyofuata Nasor alimpeleka Safaa kliniki. Safaa alimweleza daktari jinsi dawa inavyomlaza. Daktari alipunguza dawa ya asubuhi, akaongeza ya usiku.

"Dawa ikikusumbua, njoo tuzungumze," daktari alimwambia. "Usiiache wala usiibadilishe peke yako. Na usiku ulale vya kutosha."

Waliporudi nyumbani, Nasor alimwita binti yake. "Utarudi kwenye chama kwa sharti. Dawa kila siku. Usingizi wa usiku mzima. Ukikosa kimoja, utabaki hapa na kuku wako."

"Nakuahidi, baba."

Safaa alishika ahadi. Mwezi uliofuata alikwenda Tezo na wenzake. Phoebe alitembea kando yake siku nzima. Kila mwanachama alikuwa amefundishwa na Fridah la kufanya. Safaa alirudi nyumbani kwa miguu yake. Mwezi wa pili ikawa vivyo hivyo. Nyumbani, kile kikombe cha kijani sasa alikitumia yeyote aliyekuwa na kiu.

Kisha jioni moja, baada ya alasiri, Phoebe aliingia mbio bila hata kupiga hodi.

"Safaa! Heroe wamefika! Wako pale Mto Sabaki unapoingia baharini, karibu na Malindi. Ni wengi, hawahesabiki!"

Safaa aliruka kutoka mkekani. Heroe ni wale ndege wakubwa wa rangi ya waridi, wenye miguu mirefu, ambao wengi huwaita flamingo. Hakuwahi kuwaona. Tangu ajiunge na chama, hao ndio aliowangojea.

"Tunaondoka leo saa tisa usiku," alisema Phoebe. "Malindi ni mbali. Tunataka tuwakute alfajiri, kwa sababu jua likipanda wanaruka."

Uso wa Safaa ulibadilika. "Saa tisa? Nitalala saa ngapi?"

"Utalala garini!"

"Kulala garini si kulala, Phoebe. Kila shimo linakuamsha."

"Mara moja tu, jamani! Heroe hawatatungoja. Pengine kesho kutwa hawapo."

Bi Tima alisogea karibu. "Umewaota mwaka mzima, mwanangu. Nenda. Babako nitamtuliza mimi."

Ndani, cherehani ilikuwa imenyamaza. Nasor alikuwa akisikia kila neno.

Safaa alikaa tena mkekani. "Nitakuja na gari la asubuhi," alisema.

"Hutawakuta."

"Najua."

Usiku huo alimeza kidonge chake, akalala mapema. Asubuhi alikunywa chai, akameza kingine. Alipotoka, alimkuta baba yake amesimama nje, amevaa viatu na kofia yake ya Ijumaa.

"Na kanzu za watu, baba?"

"Kanzu hazina mbawa," alisema Nasor. "Twende."

Walipofika Sabaki, jua lilikuwa juu. Phoebe alikuja kuwapokea, lakini hakukimbia. Safaa aliona uso wake, akaelewa.

"Waliruka kitambo," alisema Phoebe taratibu. "Wote. Pole, Safaa."

Safaa alitazama tope tupu mbele yake. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Hakujilaumu, lakini aliumia.

Baada ya muda alisikia baba yake akinung'unika. Nasor alikuwa ameazima darubini ya chama, ameishika kinyume.

"Mbona kila kitu kiko mbali?"

"Igeuze, baba."

Nasor aliigeuza, akashtuka. "Lo! Na kile kidogo kinachokimbia-kimbia majini?"

Safaa alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Huyo ni kitwitwi."

"Anakimbilia nini hivyo?"

"Chakula. Wimbi likirudi linaacha vidudu, naye anaviwahi. Wimbi likija, anakimbia asilowe."

"Ana akili kuliko wateja wangu," alisema Nasor. "Hebu twende karibu."

Walivua viatu. Nasor alitembea upande wa maji, Safaa upande wa nchi kavu, kama Fridah alivyofundisha, ili Safaa akianguka asiangukie majini. Walitembea mpaka adhuhuri, na Safaa alimtajia baba yake kila ndege waliyemwona.