Siku ya Msaragambo Niliyoitangaza Mwenyewe

Kwetu milimani, pembe ikipulizwa asubuhi, kila nyumba inatoa mtu. Huo ndio msaragambo, kazi ya pamoja. Mara nyingi tunazibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia maharage na tangawizi. Tunaingia kwenye tope mpaka magotini. Simu tunaziacha nyumbani.

Mimi ni Dorkas. Nilikuwa mtu wa mtandaoni, sikatai. Kwa miaka saba nilipost kila kitu. Kuku akitotoa, napost. Mama mkwe wangu, Bibi Agatha, akiumwa miguu, napost. Binti yetu Jackline alipoanza kidato cha kwanza huko bweni, nilipost picha yake na sare. Jina la shule lilisomeka vizuri kifuani. Mume wangu Eliezeri alinitania, "Mama Jackline, wewe hata ukikohoa dunia inajua." Nilicheka tu.

Alhamisi moja, kabla ya kwenda ndivani, niliandika hivi: "Leo msaragambo. Simu inabaki nyumbani. Tutaonana jioni."

Niliporudi, nilikuta matroni wa shule amenipigia mara kumi na moja. Nilimpigia mikono ikiwa bado na tope.

"Mama Jackline, mtoto yupo salama," alisema. "Lakini mchana alikuja mwanamume na gari. Alisema yeye ni baba mdogo. Eti Bibi Agatha amezidiwa, Jackline anatakiwa nyumbani. Nikamwambia ngoja nimpigie mama yake. Akasema hutapokea, upo msaragambo na simu umeiacha."

"Jackline alisemaje?"

"Alimchungulia dirishani, akasema hamjui. Nilipomwomba kitambulisho yule bwana, aliwasha gari akaondoka."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Yule mtu hakuwa mchawi. Yote aliyoyajua nilimwambia mimi mwenyewe.

Kesho yake mimi na Eliezeri tulikwenda polisi, kisha shuleni. Jioni nilifuta ile programu ya mtandao kwenye simu. Ikapotea. Nikajiona nimemaliza kazi.

Jumapili baada ya ibada, jirani yetu Sifael aliniuliza, "Si ulisema umetoka mtandaoni? Picha ya Jackline na sare nimeiona tena jana."

Jumatatu niliteremka Hedaru. Pale karibu na stendi yupo Priska, binti anayetengeneza simu na kuchapisha picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Priska, nataka nitoke mtandaoni, isibaki hata nukta."

Alisikiliza habari yote. Kisha akasema, "Mama, ulichofuta ni programu tu. Ule ni mlango wako wa kuingilia. Vitu vyako vyote bado vimo ndani, na wenzako wana milango yao."

"Basi nifungie akaunti."

"Tusikimbilie huko. Kuna kuzima akaunti kwa muda, na kuna kuifuta kabisa. Ukizima tu, siku ukirudi kila kitu kinarudi. Tuanze na yale uliyopost, akaunti iwe ya mwisho. Polisi mmeshawaonyesha?"

"Tumewaonyesha. Wamechukua nakala."

"Vizuri. Ushahidi kwanza, kufuta baadaye."

Alirudisha programu kwenye simu, akanipa niandike nenosiri mwenyewe. "Usinitajie hata mimi," alisema, akageuka pembeni.

Kwanza tulipakua nakala ya picha zangu zote, tukazihifadhi kwenye kadi ndogo. Halafu akanionyesha sehemu inayoweka kumbukumbu za kila nilichofanya. Posti, picha, hata maoni niliyoandika kwa watu. Tulifuta mwaka mmoja mmoja, tukianzia wa kwanza. Nilishangaa nilivyokuwa na maneno mengi. Msaragambo peke yake niliutangaza mara thelathini na nne.

Tulipofika mwaka wa tatu, kidole kiligoma. Ilikuwa picha ya baba mkwe, marehemu Mzee Elinaza, amesimama ndivani na jembe begani. Chini yake watu mia moja na arobaini waliniandikia pole. Nilianza kuzisoma, machozi yakanitoka.

"Nakala unayo, mama," Priska alisema taratibu.

"Picha ninayo. Pole hizi je?"

Nikaiangalia tena picha. Kando ya babu yake alisimama Jackline, wakati ule ana miaka tisa. Nami nilikuwa nimeandika jina lake lote na tarehe yake ya kuzaliwa. Nilifuta machozi, nikafuta na posti.

Priska akaniambia kazi haijaisha. Posti zilizofutwa zilikuwa zimekwenda kwenye pipa la taka la akaunti, nalo tukalisafisha. Sifael naye aliwahi kupost picha za Jackline kwake, nikampigia azitoe, akazitoa. Ndipo tukaomba akaunti ifutwe kabisa.

"Mtandao huu unangoja siku thelathini," Priska alisema. "Usiingie hata kuchungulia. Ukiingia, ombi linavunjika."

"Na yale ambayo mtu ameshayanakili?"

"Hayo hatuwezi kuyarudisha, mama. Ndiyo maana mkubaliane na shule neno la siri. Asiyelijua hachukui mtoto."

Tulikubaliana na matroni. Neno lenyewe siliandiki hapa, nimeshajifunza.

Siku thelathini si mchezo. Siku ya kumi na mbili kuku alitotoa vifaranga kumi na wawili, nikajikuta nimeshika simu. Nikaiweka kabatini, nikaenda kumwita Eliezeri aje aone. Siku zilipotimia, Sifael alilitafuta jina langu kwenye simu yake, hakulipata. Msaragambo uliofuata niliingia topeni na moyo mtulivu. Yaliyotuhusu waliyajua wanaotuhusu.

Mwezi ule ule nilirudi kwa Priska, akanichapishia ile picha ya Mzee Elinaza. Nilimpelekea Bibi Agatha kitandani. Yeye hana simu, hajawahi kuwa nayo. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii alipigwa lini?"

"Mwaka ule ule aliotuacha, mama."

"Mbona mimi sikuonyeshwa?"

Watu mia moja na arobaini walikuwa wameiona. Nilitafuta msumari, nikaitundika ukutani mbele ya kitanda chake.