Waya Ulioungua Peke Yake

Jumapili asubuhi walimkuta Veikko, mtunza majengo, amelala kifudifudi kando ya kiti cha kukunja, mbele ya chumba cha transfoma cha jengo A. Moshi ulikuwa umemmaliza. Nje, theluji ilifunika ua wote, isipokuwa juu ya handaki la kujikinga na mabomu ya vita, lililo kati ya jengo A na B. Pale ardhi ilikuwa nyeusi, imelowa.

Inspekta Raija aliitazama ardhi ile.

"Ni sauna, haya mabafu ya mvuke," alisema Tauno, mwenyekiti wa wakazi. "Jumamosi kila nyumba inawasha yake. Na Ilmo alitufungia nyaya nyembamba kama uzi. Mkamate, Inspekta, sisi tuzike."

Ilmo, fundi umeme, alikaa kwenye ngazi.

Raija alimulika tochi ndani ya chumba. Nyaya tatu kubwa zilikuwa nzima. Wa nne, wa nyutro unaorudisha umeme, ulikuwa umeyeyuka.

"Mbona huu tu?"

"Sauna huvuta umeme sawasawa kwenye nyaya zote tatu," Ilmo alisema. "Zinasawazishana, nyutro inapumzika. Kompyuta nyingi humeza umeme kwa mafunda. Mafunda hayo hayafutani, yanajazana kwenye nyutro. Transfoma nayo inanguruma, inachemka."

"Unajitetea," Raija alisema.

"Ndiyo. Nani mwingine atanitetea?"

Saimi, mjane wa Veikko, alisema polepole, "Ilinguruma wiki nzima. Jana alimpigia mwenyekiti simu, aruhusiwe kuizima. Akakatazwa. Ndipo akashuka na kiti chake, ailinde."

"Watu walikuwa wanaoga, mama," Tauno alidakia. "Nani angekubali kukatiwa umeme ana sabuni mwilini?"

Raija alivuka ua, akaweka kiganja kwenye ukuta wa jengo B. Ulikuwa unatetemeka kwa mngurumo.

"Nipe ufunguo wa handaki."

"Mle kuna baiskeli tu, Inspekta."

"Baiskeli haziyeyushi theluji, bwana."

Mlango ulipofunguka, joto liliwapiga usoni. Safu za kompyuta zilikuwa zikichimba sarafu za mtandaoni. Waya mpya ulitoka hapo kuelekea jengo B.

"Uliuhamisha usiku kutoka jengo A," Raija alisema. "Veikko hajapoa."

Tauno aliinamisha kichwa. "Angezima, angeufuata waya hadi hapa. Mngenivua uenyekiti. Sikujua kama utawaka."

"Alikuambia transfoma inanguruma."

Ilmo aligusa nyutro ya waya mpya, akauondoa mkono haraka.

"Zima, Inspekta. Sasa hivi."

Raija akakimbilia chumba cha transfoma cha jengo B, akashusha swichi kuu. Mngurumo ukakatika. Juu, dirisha la jengo B lilifunguliwa kwa kishindo.

"Nyie, nani kazima? Kahawa yangu iko jikoni!"

Saimi alikuwa anakikunja kiti cha mumewe.