Kocha Aliyesoma Miguu

Mfuko ulipasuka ghafla, na mipira sitini ya tenisi ikaanza kuteremka ngazi za jengo la maduka. Ilikuwa Jumamosi mchana, watu wamejaa hadi mlangoni. Nyuma ya mipira alikimbia mwanamke mrefu mwenye suti ya michezo ya buluu na filimbi shingoni. Kutoka duka la miwani akachomoka mwanamume mwenye koti jeupe, mikono miwili mbele, asidake hata mmoja.

"Usiikimbize, kaka! Simama mbele yake!"

"Nisimame wapi, na inakuja kila upande?"

"Chagua mmoja!"

Akachagua mmoja. Ukampita katikati ya miguu. Yule mwanamke alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Kumbe alikuwa kocha wa tenisi wa chuo, mwaka wa tisa sasa. Mwanamume alikuwa mpima macho, na kwa upole wake wote alijua kujitengenezea nafasi. Aliomba namba ya simu, eti ampigie iwapo mpira wowote utaonekana chini ya kabati zake. Jioni ile ile akapiga.

"Kocha, mpira umeonekana."

"Kweli?"

"Hapana. Nilitaka kusikia sauti yako."

"Muongo mkubwa wewe!" alisema Kocha, lakini simu hakuikata kwa saa nzima.

Miezi miwili wakawa hawabanduki. Kocha, ambaye kabati lake lilijaa suti za michezo, alinunua gauni la manjano kwa ajili ya chakula cha jioni tu. Lakini kitu kimoja kilimtesa mpima macho. Yeye kutwa anawatazama watu machoni, ndiyo kazi yake. Mpenzi wake naye, kila wakikutana, alitazama chini, kwenye viatu.

Masikini hakujua kwamba ndivyo makocha wa tenisi walivyo. Mchezaji hugeuza mguu kabla hajainua raketi, na Kocha alikuwa amewaimbia wanafunzi wake miaka yote: mtazameni miguu, mtajua anakokwenda. Alishazoea kiasi kwamba hata benki aliwatazama watu miguu, akajua nani atahama foleni. Mpima macho alitazamwa hivyo kwa sababu Kocha alitaka sana kumjua.

Mpima macho akavitazama viatu vyake vya kahawia, visigino vimelika upande mmoja. "Ananionea aibu," akajisemea. Kesho yake akanunua viatu vyeusi vya kung'aa, vyenye ncha. Vilimbana, lakini muuzaji aliapa kwamba vitaachia.

Havikuachia. Na ndivyo alivyovaa siku Kocha alipokuja mkahawani na barua ndani ya mkoba. Chuo kikuu cha mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi, kilimtaka awe kocha mkuu. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu goti lilipomwondoa kwenye mashindano. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Alitaka kumwambia mpenzi wake, kisha amwombe waende wote. Aliogopa kuliko fainali yoyote.

"Mpenzi, kuna jambo nataka tuongee."

"Ongea tu, laazizi."

Chini ya meza vidole vya mpima macho viliwaka moto. Akavuta miguu nyuma, akaigeuzia mlangoni, akainua kisigino kimoja apate nafuu. Kocha akaona. Maishani mwake hakuwahi kukosea kisigino.

"Una haraka?"

"Mimi? Hata kidogo!" Jasho lilimtiririka usoni.

"Basi. Tutaongea siku nyingine."

Alifika kwake akalia mpaka macho yakavimba. Asubuhi akaisaini barua.

Siku tatu baadaye mwanafunzi mmoja wa timu akaja dukani kuchukua miwani. "Tutamkosa sana kocha wetu," alisema akijitazama kwenye kioo. "Anahama mwisho wa mwezi."

Mpima macho alipiga simu mara tatu, haikupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Umesaini bila kuniambia?"

"Nilitaka kukuambia. Miguu yako ikanijibu kwanza."

"Miguu yangu imeingiaje hapa?"

"Ilielekea mlangoni, mpenzi. Hiyo ndiyo kazi yangu, sikosei."

"Uko wapi?"

"Uwanjani. Usije."

Akaja, na koti lake jeupe, anachechemea. Wanafunzi walikuwa wakirushiana mipira juu ya neti.

"Viatu vya ngozi haviruhusiwi humu!" Kocha alifoka kwa mazoea.

Mpima macho akainama, akavivua. Soksi zilikuwa na damu visiginoni.

"Nilivinunua kwa ajili yako," alisema. "Kila tukikutana unatazama viatu vyangu. Nikadhani nakutia aibu."

Kocha hakuwahi kukiri kosa mbele ya wanafunzi. Alipiga magoti, akakigusa kile kisigino.

"Kwa hiyo siku ile ilikuwa inauma tu?"

"Ilikuwa inawaka moto!"

"Nimekosea," alisema Kocha. "Jamani, nimekosea vibaya." Wanafunzi wakaangua kicheko. Akapuliza filimbi. "Raundi kumi, wote!" Wakakimbia polepole, masikio wazi.

"Lakini nimeshasaini," aliendelea, "na sirudi nyuma. Kazi hii nimeitafuta miaka tisa."

"Nani kasema urudi? Kwani huko watu hawana macho?"

Kocha akainuka taratibu. "Na duka lako?"

"Chumba cha kupanga. Mashine zinabebeka."

Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa mama, akampigia mama yake hapo hapo. Mama huyo huongea na simu kwa sauti ya kuita ng'ambo ya barabara, uwanja mzima ukasikia.

"Unahama na nani?"

"Na Kocha, mama."

"Mnaoana?"

"Ndiyo."

"Yeye kakubali?"

Mpima macho akamtupia Kocha jicho. "Sijamwuliza bado."

"Huna akili, mwanangu! Muulize!" Simu ikakatwa.

Akabaki amesimama na soksi zake.

"Nimesikia yote," alisema Kocha, akijifuta machozi kwa mkono wa suti. "Jibu ni ndiyo. Lakini niulize."