Safu ya Tatu

Ndila alikatiza ndani ya yadi ya magari ili akwepe tuktuk tu, wala hakuwa na haja ya gari. Ukunda Jumamosi ile hapakuwa na pa kukanyaga, na kamba ya kiatu chake ilikuwa imekatika. Alipita na gauni lake la kitenge cha kijani, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, akajifanya ndiyo mitindo ya siku hizi.

"Dada, samahani. Wewe ungechagua lipi?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa vizuri. Mbele yake yalisimama magari mawili ya muundo mmoja na rangi moja ya fedha. La kwanza lilikuwa toleo la juu: viti vya ngozi, kioo cha paani kinachofunguka, rimu za kung'aa. La pili lilikuwa toleo la kawaida, viti vya kitambaa, ila vilipangwa safu tatu.

"Hili," Ndila akasema, akiligonga la ngozi kwa kiatu. "Hilo jingine ni la kubebea watu wa matanga."

Kijana alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jina lake Rai, Mduruma wa Kinango, fundi wa viyoyozi katika hoteli za Diani; gari angelinunua mkopo wa chama cha akiba ukitoka. Ndila alikuwa mpishi wa keki katika mojawapo ya hoteli hizo. Kiatu kilishonwa, wakapeana namba za simu, na penzi likashika moto.

"Laazizi, umekula?" Rai alizoea kumpigia na kuuliza.

"Napika tangu asubuhi, wewe waniuliza nimekula?"

"Nauliza kama umeniachia kipande."

Ndila alimpeleka Rai hata kwao Shimba Hills. Rai alikuta mama mtu, Kavita, akijiandaa kwenda kliniki ya macho Msambweni kwa bodaboda, vumbi na jua vyote vyake. Akaita teksi, lakini mama akakataa katakata kupanda pamoja naye, hata mkono hakumpa. Ndila aliona aibu. Rai hakulalamika.

Mwaka ukapita, na neno la ndoa Rai hakulitamka. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Ndila raha: pengine yeye ni wa kupitishia wakati tu. Kwa hiyo Rai alipompigia kumwambia aje yadini waone gari, alivaa gauni la manjano, akajitia marashi, akitumaini leo atalisikia neno hilo. Akakuta la safu tatu, limekwisha kulipiwa.

"Mbona hili?"

"Lina nafasi, kipenzi."

"Nafasi ya nani? Sisi si wawili?"

Rai akajikuna kisogo. "Panda kwanza twende zetu ufuoni, nitakueleza."

"Mwanamume asiye na watoto hanunui safu tatu! Una mke Kinango? Watoto wangapi?"

"Ndila, hebu nisikilize..."

"Uliniuliza nichague lipi, nami mjinga nikachagua!"

Akaondoka akilia hadharani, akazima simu. Juma zima keki zake zilitoka zimebonyea katikati.

Jumapili alipanda kwenda kwao kumlilia mama. Uani alikuta mbuzi watatu wamefungwa kando ya jiko.

"Mbuzi wa nani hawa?"

"Wa Rai," mama akasema. "Wazee wake walikuja jana kuposa, baba yako mdogo Mbithi akawakaribisha. Simu yako tumeipiga mpaka vidole vikauma. Nikawaambia mbuzi wakae kwenye kamba mpaka wewe useme; ukikubali ndipo wafunguliwe waingie zizini."

Ndila akakaa chini palepale.

"Siku ile ya teksi nilimhurumia," mama akaendelea. "Lakini sisi Wakamba, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai bega kwa bega, wala hawasemezani wenyewe kwa wenyewe. Alimwendea Mbithi, akaelezwa. Ndipo akatafuta gari ambalo naweza kukaa nyuma kabisa, mbali naye, kwa heshima yangu. Mduruma huyo! Vijana wetu wenyewe wameshasahau."

Ndila aliwasha simu, akapiga. "Rai, nisamehe."

"Nilitaka kukuambia siku ileile, laazizi. Hukunipa nafasi. Kliniki ni kesho, sivyo? Nakuja."

Asubuhi mama alipanda gari, akajivuta hadi safu ya tatu, akajitanda leso yake mpya. Ndila akakaa katikati.

"Mwambie nimeshukuru," mama akasema. "Tangu marehemu baba yako atutoke, hakuna aliyenifikiria namna hii."

"Rai, mama anasema..."

"Nimesikia."

"Huruhusiwi kusikia! Ngoja nikuambie."

Akamwambia. Rai akapangusa macho. "Mwambie nami namshukuru, kwa kukulea. Tena mwulize mbuzi wangu watangoja mpaka lini."

"Hilo si la mama."

Gari likasimama kando ya barabara. Rai akageuka. "Basi niambie wewe mwenye nalo."

Nyuma, mama aligeukia dirisha, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa nguvu. Ndila alimtazama mwanamume huyu aliyenunua gari zima ili mama yake akae kwa heshima.

"Nakubali, Rai," akasema. "Nakubali, na ahsante."

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Ndila," mama akaita, "mpigie Mbithi simu. Mwambie awafungue mbuzi."