Mashine ya Kurwa

Mlango wa lifti ulijifunga, ukaubana mtandio wa zambarau wa mwanamke aliyekuwa ndani, katikati ya umati wa wafanyakazi waliotoka kula. Kijana aliyebaki nje aliwahi kuingiza kiatu. Mlango ukafunguka.

“Usivute, dada. Utabaki na uzi.”

“Na wewe usiushike kama umeununua.”

Watu wakacheka. Kijana akajipenyeza ndani, wakapanda bega kwa bega.

Alikuwa fundi wa seva, zile mashine zinazoendesha programu za kampuni. Wote walimwita Doto, ingawa Kurwa, pacha wake aliyetangulia kuzaliwa, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Mwanamke yule alikuwa mwandishi wa maelezo. Seva zilikuwa zimekabidhiwa kwa wakala, programu ya akili bandia isiyolala, na wakala hakujua ila alichoandikiwa na mwanamke huyo kuhusu kila zana, yaani kila amri aliyoruhusiwa kutumia: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini.

“Kumbe wewe ndiye unayemfundisha jini kazi,” Doto alimtania kwenye simu jioni ile.

“Jini wangu anasikia kuliko wewe. Si nimekwambia ukate simu?”

“Kata wewe, mpenzi.”

“Mpenzi tangu lini?”

“Tangu mlango wa lifti.”

Wakapendana. Siku moja Doto akamsikilizisha simu yake. Kurwa, naye fundi wa kampuni ileile, alirekodi mamia ya sentensi alipokuwa mgonjwa, na kila asubuhi seva yake ilichagua moja ikamtumia ndugu yake. Amka, mvivu. Piga pasi hilo shati.

“Inachagua bila kujua,” Doto alisema. “Lakini siku tuliyokutana iliniambia nisipande ngazi.”

Mwanamke alihisi baridi shingoni, akajifunika mtandio.

Kosa lilitokea alasiri moja. Alikuwa amevaa gauni la manjano, Doto anamsubiri chini, na zana moja ilikuwa haijaandikiwa maelezo. Akaandika haraka: “Huondoa mashine zisizotumika.” Hakusema isiyotumika ni ipi, wala nani aulizwe. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata simu ya Doto ilinyamaza. Alipoona wakala ameizima seva ya Kurwa kwa maelezo yale, akamfuata mwandishi mezani pake.

“Umemuua mara ya pili.”

“Doto, nisikilize…”

“Ulikuwa unamwonea wivu. Wivu kwa marehemu!”

Akageuka akaenda zake. Simu zote alizopigiwa hakupokea.

Mwandishi alifuta machozi, akamuuliza wakala kwa nini aliizima seva ile. Jibu likaja: “Hakuna mtu aliyeingia humo tangu mwaka jana. Maelezo yanasema zisizotumika.”

Angemlaumu nani? Wakala alitii neno kwa neno. Afadhali seva ilikuwa imezimwa tu. Vilivyomo vingefutwa Ijumaa. Akaketi, akaandika upya, taratibu:

“Zana hii huzima mashine, kisha hufuta vyote vilivyomo. Vikifutwa havirudi. Mtu kutoingia si ushahidi kwamba haitumiki. Angalia kwanza kama inamtumia mtu chochote. Usifute mpaka watu wawili waidhinishe.”

Kisha akamwagiza wakala aiwashe seva ya Kurwa.

Kesho yake simu ya Doto ilizungumza. “Umemnunia nani tena? Kamwombe radhi, mjinga wewe.” Sentensi hiyo hakuwahi kuisikia.

Alifika ofisini vifungo vya shati vimepishana.

“Nisamehe, mpenzi wangu.”

“Nisamehe mimi. Niliharakisha nikuwahi.”

Doto alivuta kiti. “Nilipomsikia sikufurahi. Niliogopa. Jana aliponyamaza, usiku nililala usingizi, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nataka kukuoa. Lakini sitaki tuwe watatu chumbani.”

Mwanamke alimtazama sana. “Kwanza nikufunge vifungo, ndipo unioe,” alisema, akaanza na cha juu. Kisha: “Doto, vikifutwa havirudi.”

“Najua. Nimeyasoma uliyoandika.”

Wakamwagiza wakala aifute seva ya Kurwa: Doto aliidhinisha kwa simu yake, mwanamke kwa kompyuta yake. Jua la asubuhi lilijaa ofisini, na bado mwanamke alijifunika mtandio. Halafu maandishi ya wakala yakatokea kwenye kioo cha kompyuta:

“Maelezo yanataka watu wawili waidhinishe. Nimepokea watatu. Niendelee?”

Hakuna aliyeuliza wa tatu ni nani. Doto alicheka, machozi yakamtiririka hadi kidevuni.

“Kurwa ndivyo alivyo,” alisema. “Lazima atangulie.”

Akamshika mchumba wake mkono wa kushoto. Kwa ule wa kulia, mwanamke aliandika: Endelea.